Mstari wa Nne

Wodi ya macho, kitanda cha 9
Jumatatu, 3 Februari

Mdogo wangu Kelele,

Nimefika salama, ila mgongo umefika kesho yake. Wamenipa kitanda cha dirishani, jambo ambalo katika wodi ya macho naona ni utani. Simu zetu wamezikusanya mlangoni wakazifungia kabatini, eti mwanga wa karibu na uso unachelewesha kupona. Lakini mwisho wa wodi kuna sebule yenye televisheni kubwa na deki, na hiyo ni ruksa, mradi ukae mbali. Nilipoiona nilitabasamu kama mjinga.

Sasa sikiliza. Duka letu la kuazimisha filamu ulishike wewe, kadi za kubandika kwenye kava nitaziandika mimi kutoka huku huku. Nitumie diski moja kwa basi la vifurushi na barua uiweke humo humo. Nitaitazama, nitaandika kadi, nitakurudishia. Wateja wasihisi kabisa kwamba sipo. Na usiniletee za mapigano tu kwa kuwa ndizo unazozipenda. Changanya, na filamu za hali halisi uzitie.

Utaratibu wa Baba unaujua, ila nakuandikia tena kwa sababu nakujua wewe. Kadi ni mistari minne. Wa kwanza, filamu inahusu nini, bila kutoboa mwisho. Wa pili, kizuri chake. Wa tatu, kibaya chake. Wa nne, itazamwe na nani. Nyota hatutoi. Na mtu haandiki kadi ya filamu ambayo hakuitazama mpaka majina ya mwisho yakapita. Baba alikaa kwenye kaunta ile miaka ishirini na miwili na hilo hakulivunja hata akiwa na homa.

Begini nilikuja na *Mlinzi wa Ghala*. Kadi yake hii hapa:

Mlinzi anagundua kwamba ghala analolilinda miaka tisa halina kitu ndani.
Nzuri: uso wa mlinzi. Haongei, ila hata akila unajua anawaza nini.
Mbaya: muziki. Kila mlango ukifunguliwa, wanapiga ngoma.
Itazame na mtu anayefanya kazi asiyoipenda.

Mama Mapazia akianza kukwaruza penseli yake pembeni ya kadi, usimfutie. Katika wateja wote ni huyu mshona mapazia peke yake anayenibishia kwa akili. Niandikie alichosema neno kwa neno.

Daktari anasema jicho la kulia lina nafasi nzuri. La kushoto, kasema, "tutaona." Nilicheka peke yangu.

Kaka yako.

---

Dukani
Jumatano, 12 Februari

Shikamoo Kaka,

Barua yako imefika Jumapili na kadi nimeibandika siku hiyo hiyo. *Mlinzi wa Ghala* imeshaazimwa mara tatu. Fundi wa friji kairudisha akasema amejiona yeye mwenyewe mle ndani, kisha akaiazima tena, sasa sijui anajitafuta au anajikimbia.

Mama Mapazia huyu hapa, neno kwa neno: "Si kweli kwamba mlinzi hakujua. Huwezi kulinda mahali miaka tisa usijue pana nini. Alijua mapema. Alinyamaza kwa sababu akisema, kazi imekwisha na yeye hana pa kwenda. Mwandishi wa kadi atazame tena, na safari hii afungue macho."

Samahani hapo kwenye macho, ndivyo alivyoandika.

Usiwe na wasiwasi na duka, tunakwenda vizuri. Jumamosi walijaa mpaka mlangoni. Nakutumia *Harusi ya Pili*, ya kuchekesha, maana barua yako imenifanya nilie kidogo na wewe hukukusudia. Stuli yako naifuta kila asubuhi, hakuna anayeikalia.

Wako,
Kelele.

---

Wodi ya macho
Alhamisi, 6 Machi

Kelele,

Usishtuke kuona mwandiko wa kuku. Mkono wangu umechomekwa sindano ya dripu, kwa hiyo nasema mimi na anaandika jirani yangu wa kitanda cha kumi. Ameendesha malori miaka thelathini. Tunamwita Dereva.

(Mwandiko wangu hauna ubaya wowote. Dereva.)

Upasuaji umekwisha na umekwenda vizuri. Bandeji zimetoka. Naona mpaka nyufa za dari, upo mmoja unaoanzia juu ya taa na kuishia mlangoni, umekaa kama mto. Daktari ameridhika.

Mwambie Mama Mapazia ameshinda. Nimemfikiria yule mlinzi usiku mzima, na kweli alijua. Mwambie pia ajaribu kunishinda kwa hii:

Mjane na mtalaka wanataka kufunga ndoa bila watoto wao kujua, na gari la harusi linaharibika njiani.
Nzuri: gari lenyewe. Ni pikapu ya zamani, bodi safi, na aliyeiendesha kwenye ule mteremko ni dereva kweli, hakuigiza.
Mbaya: basi la wageni halikuwa na taa za nyuma na hakuna aliyeuliza.
Itazame na watoto wako wakubwa, kisha warudishie simu zao.

Dereva anaongea katikati ya filamu kukushinda hata wewe. Nimemvumilia.

Kaka yako.

---

Dukani
Jumamosi, 15 Machi

Shikamoo Kaka,

Nimeisoma barua mara nne. Nyufa za dari! Nimekaa chini nikashukuru.

Lakini Kaka, kadi gani hiyo? Nimeitazama *Harusi ya Pili* mara mbili na sikumbuki taa za nyuma. Kuna bibi harusi anavua viatu na kutembea pekupeku kilomita nzima, na wewe unaniambia bodi ya pikapu? Mama Mapazia kaandika: "Mwandishi amekwenda kutibiwa macho au kujifunza ufundi gereji? Miguu ya bibi harusi imesema kuliko watu wote kwenye filamu hii, naye hakuitaja."

Unakumbuka Baba alivyokuwa akinitoa nje? Filamu ikianza tu, mimi mdomo: sasa anafungua mlango, sasa amekasirika, tazama ameshika kisu. Wewe ulikuwa unaziba masikio. Baba ananibeba mpaka kwenye ngazi, nami naendelea kusimulia nikiwa ngazini kwa sauti ninazozisikia. Jina hili sikulipata bure.

Utarudi lini? Ninakutumia *Mjenzi wa Daraja*. Wateja wanaisubiri kadi yake, wengine hawataki kuiazima mpaka wewe useme.

Kelele.

---

Wodi ya macho
Jumanne, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Mwandiko umebadilika tena. Mkono bado umevimba, na Dereva ameondoka. Kitandani kwake wamemlaza mtu asiyesema neno. Anayeniandikia sasa ni Muuguzi wa zamu ya mchana, ambaye ana watu ishirini na wanne wa kuwatazama, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Fundi aliyefukuzwa kazi anarudi kijijini kwao kujenga daraja ambalo lilimshinda baba yake.
Nzuri: rangi ya mto asubuhi, na mabega ya yule fundi akivuta kamba.
Mbaya: mapenzi yaliyochomekwa katikati, hayana kazi.
Itazame na mtu aliyerithi kazi ya baba yake.

Huo wa nne ni wetu sisi wawili, umeuona.

Nitarudi Mei. Nimepanga hivi: kaunta uipake rangi upya, stuli uisogeze karibu na mlango. Sitaki tena kupanda ngazi za rafu, hiyo kazi yako. Mimi nitakaa, watu wataniuliza watazame nini na wewe utawachomolea. Nakuambia ukweli mmoja, Kelele. Humu ndani hakuna kinachoniamsha asubuhi isipokuwa duka lile. Nikiamka nawaza rafu ipi ina nini, nazipitia zote kichwani kutoka mlangoni, na nikifika ya mwisho wanakuwa wameleta chai. Kisha nafikiria Mama Mapazia atasemaje.

Kaka yako.

---

Dukani
Alhamisi, 17 Aprili

Shikamoo Kaka,

Jana nilitaka kutazama ile filamu ya nyuki, *Mzinga Mmoja*. Nikafungua kava lake. Ndani nikakuta diski ya *Mjenzi wa Daraja*.

Nilikosea mimi nilipofunga kifurushi. Kava nililokutumia ni la daraja, lakini diski uliyopata ni ya nyuki. Kutwa nzima nimejaribu kutafuta namna mtu anavyoweza kuweka nyuki kwenye deki akaona mabega ya fundi. Nimekosa. Na daraja lenyewe, Kaka, halina mto. Linapita juu ya reli.

Huoni, sivyo?

Sina hasira. Niambie tu. Dereva ndiye aliyekuwa anakusimulia? Kama huoni njoo hivyo hivyo. Duka lipo, stuli ipo, mimi nina mdomo. Nitakusimulia kila filamu mpaka uombe nibebwe nitolewe nje. Wateja wanakuulizia kila siku.

Kelele.

*Karatasi ya pili*

Kwa Muuguzi. Karatasi hii usimsomee.

Dada yangu, nakuomba unisaidie. Duka hakuna. Mwenye nyumba alilichukua wiki ya tatu baada ya Kaka kuondoka, na hata kabla ya hapo siku nzima ingepita bila mteja. Watu wanatazama kwenye simu zao. Diski zote nimezihamishia chumbani kwangu ndani ya maboksi, ndiyo maana zilichanganyika. Na huyo Mama Mapazia amefariki. Alifariki tarehe tisa Februari, Jumapili ile ile niliyopokea barua ya kwanza ya Kaka, na nikashindwa kumwandikia Kaka. Maneno yote ya penseli nimeyatunga mimi. Nilikuwa nazitazama filamu usiku nikijaribu kuwaza angesemaje.

Nitamwambia mwenyewe akifika, nikiwa nimemshika mkono. Kwa sasa nakuomba, ukipata dakika kumi, muwekee ile diski ya nyuki umsimulie japo kidogo, aandike kadi ya kweli.

---

Wodi ya macho
Jumatatu, 28 Aprili

Mdogo wangu,

Muuguzi alikuwa likizo ya siku nne. Barua yako ilipokelewa na Mtunza Faili, ambaye ndiye anayeandika hii pia. Ni mtu mwema, anasoma kila kilichoandikwa kwa sauti moja kama anaita wagonjwa dirishani. Alimaliza karatasi ya kwanza, akafungua ya pili, akasoma, "Kwa Muuguzi. Karatasi hii usimsomee." Kisha nikasikia akiikunja. Mimi ndiye niliyemwambia aendelee.

Basi tumelingana. Ni kweli sioni. La kushoto lilikuwa limekwisha kabla hawajaligusa, la kulia lilizima siku ya tano baada ya bandeji. Nyufa za dari alizisema Dereva. Harusi nzima aliisimulia yeye, ndiyo maana ulipata magari. Nilipokuambia ameondoka, nilikuwa najua namna ya kuondoka kwake: alikufa Ijumaa, wakati tunasubiri chakula. Daraja sikuwa na wa kunisimulia, nikaomba nisomewe kava nikatunga. Sheria ya Baba nimeivunja kwa makusudi, na niliona aibu, na niliendelea.

La duka nimelielewa. Hata mimi ningekuficha. Ninaloshindwa ni Mama Mapazia. Kila nikijilaza nilikuwa namjibu. Nilisema moyoni, macho yameondoka lakini yupo mtu mmoja duniani anayesoma ninachosema na kunibishia. Nilimpangia majibu ya miezi. Siku barua zilipochelewa nilidhani nimemuudhi. Kumbe alikuwa kaburini, na mimi nauliza amesemaje.

Usifikiri nimekununia. Jambo lenyewe ni hili. Mtu asiyeona hana pa kwenda kuhakikisha. Unataka nije unisimulie. Utaniambia hawa ni nyuki, nitajuaje? Utaniambia mteja ameingia amecheka, nitajuaje? Umenidanganya kwa upendo, nami pia, na huo uongo wa upendo ndio sijui utaisha lini.

Nimeweka dole gumba kwenye fomu ya kituo cha wasioona. Wanafundisha kusuka viti. Gari lao linatuchukua tarehe kumi na tano Mei.

Kadi ya *Mzinga Mmoja* sina. Waliiwasha deki kwa sauti ya chini, wakaniacha sebuleni. Nimesikia mvumo kwa saa nzima, maneno sikuyapata. Mstari wa kwanza, mvumo. Mingine mitatu siijui.

Kaka yako.

---

Chumbani kwangu
Jumatatu, 5 Mei

Kaka,

Nakuandikia kilichopo tu.

Nimekaa kitandani. Maboksi ni kumi na tisa, yamepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha, kwa hiyo mwanga unaingia nusu. Mawili ya chini yamelowa na yananuka uvundo, na sijui diski ngapi zimeharibika kwa sababu naogopa kufungua. Duka sasa ni la kinyozi. Rafu za Baba alizikata akatengeneza benchi. Stuli yako sikuifuta hata siku moja. Iko kwa kinyozi, wateja wake wanaikalia, na mguu mmoja umevunjika ukafungwa waya.

Mimi naosha vyombo kwenye kantini ya kiwanda. Mikono imechubuka. Nililia juzi, leo sijalia.

Mama Mapazia alianguka kwenye cherehani yake. Najua utataka kujua kama baada ya wewe kuondoka aliandika chochote. Hapana. Nilikwenda kwao kuchukua diski ya mwisho aliyoazima. Pembeni ya kadi palikuwa peupe.

*Mzinga Mmoja* nimewahi kuitazama mara tatu, mpaka majina ya mwisho. Diski unayo wewe, kwa hiyo naandika kwa kumbukumbu, na mwisho nautoboa.

Mwaka mmoja wa mzinga mmoja. Mwezi wa saba malkia anakufa, nyuki wanashindwa kupata mwingine, na kufikia mwisho mzinga ni mtupu.
Nzuri: nyuki mmoja amesimama mlangoni mwa mzinga asubuhi, anapiga mbawa bila kuruka, ili wa ndani wapate hewa.
Mbaya: msimulizi haachi kuongea. Anaeleza hata kile ambacho kila mtu anakiona.
Itazame na kaka yako, akikubali.

Sijui niseme nini ili uniamini. Kwa hiyo sisemi.

Kelele.

---

Wodi ya macho
Jumatano, 14 Mei

Dada mpendwa,

Mimi ni Muuguzi wa zamu ya mchana. Samahani kwa likizo yangu, nimeijutia sana.

Barua yako niliisoma mimi, akasikiliza. Nilipomaliza alimwomba Mtunza Faili aje aisome tena kutoka mwanzo. Tangu siku ile hivyo ndivyo anavyotaka: kila karatasi inayomhusu, hata ya dawa, isomwe na watu wawili, na wa pili asiwepo wa kwanza anaposoma.

Sina budi kukuambia kosa langu. Nilipofika kwenye stuli, ule mguu uliofungwa waya, niliuruka. Niliona atakuwa ameumia vya kutosha. Mtunza Faili hakuruka. Kaka yako aliniita akasema, "Mmoja wenu ameongeza au mmoja amepunguza." Nilimwomba radhi. Akasema hanilaumu, na kwamba wanaomhurumia wote hufanya hivyo hivyo, ndiyo maana anachoka.

Nilimuuliza kama ana jibu kwako. Alisema nikuandikie kwamba mstari wa nne ameusikia mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa sawa. Diski ya nyuki nairudisha pamoja na barua hii, amesema usimtumie nyingine.

Kesho asubuhi gari la kituo linamchukua. Begi lake nimelifunga mimi, na barua zako zote nimezitia kwenye mfuko wa pembeni, kwa mpangilio wa tarehe, nikamshikisha zipu ajue zilipo. Leo mchana niliwapigia simu kuuliza ni nani atakayekuwa anamsomea. Wamenijibu vizuri tu. Wamesema msomaji yupo, anakuja kila Jumanne, na ni mmoja.

Wako,
Muuguzi.